Pauni, Krugerrand au tembo wa Tabora? Kununua sarafu ya dhahabu Doha bila kuuziwa bandia

Ijumaa ni siku ya watu Mesaimeer. Eneo la makanisa lililoko hapa, kusini mwa Doha, hupokea Wakenya, Waganda, Watanzania na Wakongo kwa mabasi na kwa teksi za kuchangishana. Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Rozari lilifunguliwa hapa mwaka 2008, na madhehebu mengine yana majengo yao jirani. Ibada ikiisha, mazungumzo hugeukia pesa: kiwanja cha Kigamboni kimefika bei gani, nani kajenga Kitengela, na kama si busara kugeuza sehemu ya mshahara kuwa dhahabu kabla haijapotelea mikononi mwa ndugu. Na penye mazungumzo ya dhahabu hakukosi mtu mwenye picha kwenye simu. Ana sarafu ya kale, asema, ya babu au ya tajiri aliyemfanyia kazi. Anaiuza chini ya bei kwa sababu tiketi ya kurudi nyumbani imemkwamisha.

Kabla ya kutoa hata riyali moja, tenganisha maswali mawili. La kwanza: je, hii ni dhahabu, na ni kiasi gani? La pili: je, ni sarafu adimu kweli, iliyopigwa mahali na mwaka ulioandikwa? Swali la kwanza hujibiwa kwa mizani ndogo na glasi ya maji. La pili huwapa shida hata waliozeeka katika kazi hiyo. Bei ya sarafu za ukusanyaji husimama juu ya majibu yote mawili, na matapeli wengi hujificha kwenye lile la pili.

Dhahabu iliyomo ndani

Kwa wepesi wa hesabu, tuseme gramu moja ya dhahabu safi ni riyali 500. Hiyo si bei ya leo. Bei ya leo utaikuta kwenye ubao wa kila duka la Soko la Dhahabu karibu na Souq Waqif, na hubadilika kila siku. Weka namba ya siku yako mahali pa 500, kisha linganisha:

- Pauni ya dhahabu ya Uingereza: gramu 7.99, karati 22, dhahabu safi gramu 7.32. Dhahabu pekee: riyali 3,660.
- Sarafu ya gramu 8 ya duka la vito, karati 22: dhahabu safi gramu 7.33. Riyali 3,667.
- Krugerrand ya Afrika Kusini, ile nzima: gramu 33.93, karati 22, dhahabu safi gramu 31.10. Riyali 15,552.
- Maple Leaf ya Canada, ile nzima: gramu 31.10, karati 24. Riyali 15,552.
- Kipande cha gramu 10 cha karati 24 kilichofungwa kwenye kadi: riyali 5,000 kasoro senti.
- Rupia 15 ya Tabora ya mwaka 1916: gramu 7.17, dhahabu asilimia 75, yaani gramu 5.38 safi. Riyali 2,688.
- Shilingi 1,500 ya Tanzania ya mwaka 1974, yenye duma: gramu 33.44, dhahabu asilimia 90, yaani gramu 30.09 safi. Riyali 15,047.

Angalia Krugerrand na Maple Leaf. Moja ina karati 22 na nyingine 24, lakini dhahabu safi iliyomo ni ileile. Krugerrand imeongezwa shaba ili iwe ngumu, ndiyo maana ni nzito zaidi na ina wekundu kidogo. Muuzaji akikuambia ushushe bei ya Krugerrand unayouza kwa kuwa "ni karati 22 tu", hajui kazi yake au anaijua mno.

Angalia pia mistari miwili ya juu. Kwa wafanyabiashara wa Kusini mwa India, ambao wana maduka mengi ya vito katika Ghuba, neno "sovereign" ni kipimo cha gramu 8. Ukiomba hivyo dukani unaweza kupewa sarafu yenye nembo ya duka lenyewe. Ni dhahabu halali, lakini si pauni ya Uingereza yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na Mtakatifu George akimchoma joka upande wa pili. Usilipe bei ya moja ukapewa nyingine.

Unacholipa juu ya dhahabu

Hakuna anayeuza dhahabu kwa thamani ya dhahabu tu. Kipande cha kadi hubeba nyongeza ndogo, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo nyongeza kwa kila gramu inavyopanda. Vipande kumi vya gramu moja vitakugharimu zaidi ya kimoja cha gramu 10. Sarafu za kawaida za uwekezaji, kama Krugerrand na Maple Leaf, hukaa juu kidogo ya hapo. Bangili na kidani hubeba ujira wa ufundi, na ujira huo haurudi siku ya kuuza: sonara hulipa uzito, si jasho la fundi aliyechonga maua. Sarafu ya ukusanyaji ndiyo isiyo na dari. Juu ya riyali 2,688 za dhahabu yake, rupia 15 ya Tabora huuzwa mara kadhaa ya hizo ikiwa halisi. Ikiwa bandia ya shaba iliyochovywa dhahabu, haina hata hizo 2,688.

Qatar ina unafuu ambao wengi hawauhesabu: hadi sasa haitozi kodi ya ongezeko la thamani. Dubai hutoza asilimia 5. Dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 na kuendelea husamehewa huko, lakini pauni na Krugerrand, kwa kuwa ni karati 22, hazifiki kiwango hicho. Saudia kiwango cha kodi ni asilimia 15. Kwa hiyo anayekuambia sarafu za karati 22 ni rahisi zaidi Dubai, mwombe akuonyeshe hesabu yote mpaka mwisho wa risiti.

Vipimo, kutoka cha bure hadi cha ghali

Sumaku ni ya bure, na ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote. Dhahabu haivutwi na sumaku, lakini shaba, risasi na fedha pia hazivutwi. Sarafu ikinata kwenye sumaku, iache. Isiponata, bado hujajua kitu.

Kipimo chenye nguvu ni cha uzito na ukubwa kwa pamoja. Dhahabu ni nzito kuliko karibu kila kitu ambacho tapeli anaweza kukimudu. Nunua mizani ya kusoma gramu 0.01 na kalipa, kile kipimo cha mafundi chenye taya mbili. Vyote viwili hugharimu makumi ya riyali tu. Pauni ya Uingereza ina kipenyo cha milimita 22.05 na unene wa milimita 1.52. Krugerrand ina kipenyo cha karibu milimita 32.7 na unene wa karibu milimita 2.8. Atakayetengeneza pauni kwa shaba ana njia mbili tu. Akishika ukubwa sahihi, uzito unakuwa nusu. Akishika uzito sahihi, sarafu inanenepa mara mbili. Pauni iliyotumika sana huweza kupungua kidogo, na sheria ya Uingereza iliweka kikomo cha chini kuwa gramu 7.94. Ikipima gramu 7.5, usisikilize maelezo.

Kipimo cha maji humaliza ubishi. Weka glasi ya maji juu ya mizani na uifanye isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, kisha soma namba. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Krugerrand itasoma karibu 1.94, na 33.93 ukigawanya kwa 1.94 unapata 17.5. Dhahabu ya karati 22 hukaa kati ya 17 na 18, na ya karati 24 hufika 19.3. Shaba hutoa karibu 9, fedha 10.5, risasi 11.3. Hakuna lugha tamu inayobadilisha namba hizo. Kwa pauni, namba ya maji ni ndogo, karibu 0.45, kwa hiyo rudia kipimo mara kadhaa, na uondoe mapovu yanayoganda kwenye sarafu.

Kuna metali moja inayokaribia kupita hapa: tungsteni, ambayo uzito wake kwa ujazo ni 19.25, karibu sawa na dhahabu safi. Ndiyo maana vipande vya karati 24, hasa vikubwa, ndivyo vinavyowindwa na wanaojaza tungsteni ndani. Tungsteni ni ngumu na hukatika badala ya kubonyea, kwa hiyo nakshi nzuri haipigwi juu yake kwa urahisi. Kwa sauti pia hujisaliti. Ukiweka sarafu ya dhahabu juu ya ncha ya kidole na kuigonga kidogo kwa sarafu nyingine, hulia kwa mlio mrefu na wa juu. Bandia nyingi hutoa mlio mfupi uliokufa. Fanya hivyo kwa sarafu za uwekezaji tu. Ya ukusanyaji ukiigonga umeipunguzia bei.

Sonara atakupimia kwa jiwe na tindikali. Kipimo hicho huonyesha karati ya sehemu iliyosuguliwa tu, na huacha alama. Kwa bangili haidhuru, lakini kwa sarafu adimu ni hasara. Maduka makubwa na maabara yana mashine ya miale ya eksirei, isiyokwaruza kitu na inayotoa asilimia za metali papo hapo. Udhaifu wake ni kwamba husoma tabaka la juu peke yake, na ganda nene la dhahabu juu ya tungsteni linaweza kuipita. Mashine za kupima jinsi umeme unavyopita huchungulia ndani zaidi, na baadhi ya wauzaji wa sarafu wanazo. Mashine ya eksirei na kipimo cha maji, vikitumika pamoja, huacha mianya michache sana.

Bandia yenye dhahabu halisi

Mpaka hapa tumejibu swali la kwanza. Pauni ya Uingereza inaonyesha kwa nini halitoshi. Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, pauni zilinunuliwa Mashariki ya Kati kwa bei iliyozidi sana dhahabu iliyomo. Mtu mmoja, José Beraha Zdravko, alianza kuzitengeneza Milan kwa dhahabu ya kiwango sahihi na kuchuma faida kwenye tofauti hiyo tu. Uingereza ilipomfuatilia Uswisi, mahakama ya huko ilikataa kumhesabu kuwa mghushi wa fedha, kwa hoja kwamba pauni hizo hazikuwa tena pesa inayotumika. Uingereza ilirudia kuzipiga mwaka 1957. Beirut nayo ilijulikana kwa pauni za namna hiyo, na nyingi bado zinazunguka katika Ghuba.

Pauni kama hiyo hupita maji, mizani na eksirei. Mnunuzi wa dhahabu hajapoteza kitu. Aliyepoteza ni yule aliyelipa ziada kwa sababu ya mwaka ulioandikwa. Kwa hiyo soma mwaka. Hakuna pauni iliyotolewa yenye mwaka wowote kati ya 1938 na 1952. Ukionyeshwa ya 1945 yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, ni ya kubuni. Pauni ya 1917 iliyopigwa London ni adimu, na ndiyo sababu imeghushiwa sana. Za mwaka huo kutoka Australia, zenye herufi ndogo ya kiwanda chao, ni za kawaida.

Kisha chukua lenzi inayokuza mara kumi. Sarafu halisi hupigwa kwa nguvu, kwa hiyo mistari yake ni mikali na uwanja wake ni safi. Bandia ya kumimina huwa laini kama iliyolowekwa, na huwa na vijidoa vilivyoinuka au vishimo. Tafuta nywele za mfalme, kidole cha mguu cha Mtakatifu George, na herufi B.P. za mchongaji Benedetto Pistrucci karibu na mwaka. Kwenye Krugerrand hesabu meno ya ukingo: za kawaida zina 160, zile za kung'arishwa kwa wakusanyaji 220. Sarafu mpya zimerahisisha kazi. Britannia za Uingereza tangu 2021 zina picha inayobadilika ukiigeuza, kutoka kufuli hadi mkuki wenye ncha tatu, na bandia chache huweza kuiga hilo.

Sarafu za kwetu

Hizi ndizo zinazomvutia Mswahili, na ndizo zinazohitaji moyo mgumu. Rupia 15 ya mwaka 1916 ilizaliwa kwa dhiki. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, Wajerumani wa Afrika Mashariki wakaishiwa sarafu, wakatumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke na karakana ya Tabora kupiga sarafu yenye tembo mbele ya milima. Zilipigwa 16,198 tu, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakautwaa mji. Zipo aina mbili, zikitofautishwa na mahali nakshi ya pembeni inapoishia: chini ya herufi T au chini ya A katika neno OSTAFRIKA. Kwa kuwa zilipigwa kwa vifaa vya muda, halisi huwa na ukali usiolingana. Inayong'aa na kukamilika kila kona, tena ikiuzwa nje ya duka, ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya juzi. Nakala zake ni nyingi, nyingine za fedha, nyingine za shaba iliyochovywa.

Sarafu za baada ya uhuru zina mtego mwepesi zaidi. Uganda ilitoa mfululizo wa ziara ya Papa Paulo wa Sita mwaka 1969: za shilingi 2 hadi 30 ni za fedha, na dhahabu huanzia shilingi 50 hadi 1,000. Ya shilingi 30 yenye rangi ya manjano ni fedha iliyopakwa. Tanzania mwaka 1974 ilitoa twiga na kifaru kwa fedha, na duma wa shilingi 1,500 kwa dhahabu. Kenya mwaka 1966 ilitoa za Mzee Kenyatta za shilingi 100, 250 na 500, zote za karati 22, kwa gramu 7.6, 19 na 38. Jua namba hizo kabla ya kwenda kuonana na muuzaji.

Na ukiletewa riyali tano za dhahabu za Sultani Barghash wa Zanzibar, za mwaka 1299 wa Hijria, salimia kwa adabu uendelee na safari. Hizo ni miongoni mwa sarafu adimu kabisa za pwani yetu, na haziuzwi kwenye maegesho ya magari.

Wapi pa kununua

Duka la Soko la Dhahabu au la kwenye jengo la biashara hukutoza zaidi kuliko mtu wa mkononi, lakini unaponunua huko unapata vitu viwili: risiti, na mahali pa kurudi. Dai risiti iandike uzito, karati, bei ya gramu siku hiyo, na ujira au nyongeza peke yake. Qatar ina sheria ya kumlinda mlaji, namba 8 ya 2008, na malalamiko hupokelewa na Wizara ya Biashara na Viwanda kwa simu 16001. Bila risiti huna la kupeleka huko. Ijumaa maduka mengi hufungua jioni, kwa hiyo anayetoka ibadani asubuhi ana saa kadhaa za kutulia kabla ya kufanya uamuzi.

Mtu wa mkononi anaweza kuwa mkweli. Mjaribu kwa sentensi moja: "Kaka, twende dukani wapime, gharama ni yangu." Mwenye mali halali hana sababu ya kukataa. Anayesema muda hautoshi, au kwamba polisi wataingilia, amejieleza. Nairobi imejijengea jina baya kwa dhahabu hewa, na mbinu zilezile husafiri na watu: haraka, siri, na bei iliyo chini ya dhahabu iliyomo. Hakuna mwenye akili atakayeuza gramu 7.32 za dhahabu kwa riyali 1,500 huku duka lililo jirani linazinunua kwa zaidi ya mara mbili.

Njia ya tatu ni sarafu iliyokwisha kukaguliwa na kufungwa kwenye kasha la plastiki na kampuni kama NGC au PCGS za Marekani. Ni ghali zaidi, na kwa rupia 15 ya Tabora ndiyo njia pekee ya maana kwa asiye mtaalamu. Hata hivyo makasha nayo yameghushiwa. Ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni, kisha linganisha picha ya huko na sarafu iliyo mkononi, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Siku ya kuuza nyumbani

Msafiri anayetoka au kuingia Qatar na pesa, dhahabu au vito vyenye thamani ya riyali 50,000 au zaidi anatakiwa kutoa taarifa kwa forodha. Chini ya hapo, beba risiti hata hivyo. Itakusaidia pia ukifika upande wa pili. Ukifika Mombasa, Kampala au Kariakoo, sonara atakupa bei ya uzito na karati. Kipande cha kadi kisichofunguliwa na Krugerrand hueleweka upesi. Tembo wa Tabora kwa sonara ni gramu 5.38 za dhahabu basi. Ziada uliyolipa itarudi kwa mkusanyaji au kwenye mnada wa ng'ambo, baada ya miezi na makato.

Uamuzi

Mwenye akiba ya kuweka na kuuza ndani ya miaka michache achukue vipande vya gramu 10 vya karati 24 dukani, kimoja kimoja, kadi zikiwa hazijafunguliwa. Anayetaka sarafu achukue pauni ya kawaida ya mwaka usio na sifa yoyote, kwa bei iliyo karibu na dhahabu iliyomo, baada ya mizani na maji. Anayemnunulia mama bangili anunue bangili, akijua ujira wa fundi ni zawadi na si akiba. Mapenzi ya historia yana nafasi yake, lakini yatafutiwe pesa ambayo haina ada ya shule wala mabati ndani yake, na yaende kwenye sarafu iliyofungwa kasha na kuhakikiwa. Kwa kila kingine, ziada juu ya dhahabu unayoweza kuipima mwenyewe ni pesa unayolipa kwa maneno ya muuzaji.